Upande wa Mama

"Nungu, Nungu, hapa Kiota. Mbegu imetoka shambani. Unanisikia? Mbegu imetoka shambani."

Arsène alikuwa na povu la sabuni kidevuni na wembe mkononi. Aliinyakua redio yake ya Motorola.

"Nani iko nayo?"

"Shofere wa docteure. Mukendi." Ilikuwa sauti ya Mama Arlette, mkuu wake aliyekaa Lubumbashi. "Gaston wa walinzi njo alituita. Anasema alimuona anatoka na boîte mbio mbio."

"Mukendi," Arsène alirudia, na kichwani mwake kesi ikawa imekwisha.

Ndivyo mambo yalivyoharibika, mapema hivyo, kabla hata povu halijakauka.

Aliichomeka bastola yake, Glock 19, kiunoni. Akavaa miwani yake ya jua, Ray-Ban. Jasusi wetu huyu hakutoka kwenda kazini bila Ray-Ban, hata siku za mawingu. Pikipiki yake ya TVS ikanguruma, na kuku wa mwenye nyumba ya wageni wakatawanyika uani.

Kwenye simu yake nukta nyekundu ilikuwa ikikimbia. Alikuwa ameficha kifuatiliaji chini ya mfuniko wa boîte yenyewe, sanduku la baridi, na sasa kilimwonyesha kila kona. Soko. Reli. Barabara ya Panda.

"Anatorokea Panda!"

"Mukamate," Kiota ilijibu.

Hakukumbuka kwamba Panda, mtaa wa pembeni mwa mji, ndiko Daktari Bénie, mtafiti wa mimea, alikokuwa akilisubiri sanduku hilohilo.

Usidhani ndani yake mlikuwa na almasi. Mlikuwa na majani. Majani ya ua dogo la buluu linaloota juu ya Kilima cha Kambishi, nje ya Likasi, na kama Bénie alikuwa sahihi, halioti mahali pengine popote duniani. Kesho asubuhi kamati ya serikali ingekaa. Ua likithibitika kuwa spishi ya peke yake, kilima kingelindwa. Likionekana ni lile la kawaida, linaloota kila penye shaba, kilima kingepewa Bwana Strand, mgeni mwenye kampuni ya machimbo, ambaye matingatinga yake mawili ya Caterpillar yalikuwa yamekwisha kuegeshwa chini ya mteremko. Idara ya ujasusi aliyoitumikia Arsène ilimjua Strand kutoka nchi nyingine. Kila alipokitaka kilima, ushahidi ulikuwa na desturi ya kupotea.

Kazi ya Arsène ilikuwa kulilinda sanduku. Basi.

Akaiona Land Cruiser nyeupe mbele, karibu na lundo la takataka nyeusi za kiwanda cha zamani. Akapiga honi. Gari likaongeza mwendo. Akaitoa Glock na kuionyesha juu, na Land Cruiser ikakata kona kati ya nyumba za matofali za wafanyakazi, ikawapita wanawake wenye mabeseni ya mihogo, ikasimama kwa kishindo mbele ya geti moja la bati.

Mukendi aliruka nje. Alikuwa amelikumbatia sanduku kwa mikono miwili.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Bantu ya Panda, saidieni! Muntu iko na bunduki!"

Arsène alimrukia kutoka juu ya pikipiki. Walianguka pamoja. Debe la maua lililokuwa kando ya geti likapinduka, udongo ukamwagika. Mukendi alipigwa ngumi ya mbavu, akapigwa nyingine, na bado hakuliachia sanduku. Ilibidi vidole vyake vibanduliwe kimoja kimoja.

Pingu zikalia.

"Docteure alinituma!" Mukendi alihema, damu mdomoni. "Weye njo nani? Gaston aliniambia docteure anataka boîte sasa hivi!"

"Funga kinywa."

Watu walikuwa wamejaa. Mafundi, akina mama, mzee mwenye baiskeli. Arsène aliwaona wakimtazama, na kiburi kikampanda. Akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia:

"Mukendi. Jina ya bantu ya kule Kasaï. Kwenu si hapa, weye. Unakuya kuiba bintu ya bantu ya hapa."

Mtu mmoja alicheka. Wengine walitazama chini. Mukendi, ambaye mpaka wakati ule alikuwa akipigana, aliacha kupigana.

Ndipo Gaston alipofika na pikipiki yake. Gaston alikuwa mkuu wa walinzi wa kilima, mtu wa tumbo na vicheko.

"Eh! Mbuzi imekamata muntu!" alisema, akaivuta Ray-Ban usoni mwa Arsène na kuivaa mwenyewe. "Tangu lini Mbuzi inakamata? Mbuzi inakulwa tu!"

Arsène alicheka. Angefanyaje? Mama yake alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, kule Mwadingusha, na Gaston alimwambia siku ya kwanza tu kwamba yeye ni Chui. Chui na Mbuzi ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana msibani. Anaweza kukunyang'anya kofia, simu, hata nyama sahanini, na wewe ukikasirika, ni wewe uliyekosa adabu. Asubuhi ileile Gaston alikuwa amempora ufunguo wa sanduku, lililolala ofisi ya walinzi jirani na nyumba ya wageni, akatoka nao akicheka, "Chui imekula Mbuzi na kengele yake!", na akaurudisha Arsène alipokuwa akimaliza chai. Arsène aliona raha. Ugenini, utani wa nyumbani unapoza roho.

"Minye narudia kilima," Gaston alisema, akirudisha miwani. "Chunga huyu muzuri."

Arsène alimfunga Mukendi kwenye nguzo ya geti, juani, akaacha askari mmoja wa mtaa amwangalie. Akaenda na sanduku.

*

Bénie alikuwa amegeuza darasa moja tupu la shule ya Panda kuwa maabara. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe lililopauka, na hasira yake haikuhitaji sauti.

"Mukendi? Mukendi njo uliyefunga?"

"Aliiba boîte."

"Mukendi anatumika na minye tangu nilikuwa étudiante. Nilitaka boîte, ni kweli, mais saa sita, si saa ile." Alinyoosha mkono. "Bon. Nipatie ufunguo. Tutaongea nyuma."

Alisaga majani, akaongeza dawa, akadondosha tone kwenye mashine ndogo iliyochomekwa kwenye kompyuta. Haikuwa kubwa kuliko rimoti ya televisheni. Ilisoma DNA. Arsène, mpenda vifaa, aliinama kuitazama.

"Juu ya nini usiangalie maua kwa macho tu?"

"Macho inadanganya. Kilima cha shaba ni sumu. Kila mmea inayoishi pale inakuwa mufupi, jani kadogo, ua ya buluu. Shaba njo inazipa sura moja. Mimea mbili zinaweza kufanana kama mapacha, na hazina babu moja hata kidogo. Zingine hazifanani, na ni ndugu tumbo moja." Aligonga kioo cha kompyuta. "Donc minye sifuate sura. Nafuata kijani ndani ya jani. Kwa hii mimea, ile kijani mutoto anaipata kwa mama. Mama, nyanya, mama ya nyanya, mpaka kule nyuma. Vile njo tunachora muti ya ukoo."

Arsène aliitikia kwa kichwa. Maneno yalimpita juu. Alikuwa akifikiria pongezi za Kiota.

Mashine ilifanya kazi. Jua likapanda, likaanza kuinama. Mukendi alikuwa bado getini.

Kisha Bénie akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizi si zetu."

"Nini?"

"Hii ni ua ya kawaida. Zote. Muntu alibadilisha." Akaisukuma kompyuta pembeni. "Nikipeleka hizi kesho, minye mwenyewe njo nitamupa Strand kilima."

Arsène aliwasha TVS. Sasa angemfanya yule shofere aseme majani ya kweli yako wapi, apende asipende.

*

Getini hakumkuta askari. Askari alikuwa ameona aibu, akaenda kusimama mbali, chini ya ukuta.

Palikuwa na mama mmoja, mnene, mwenye kitenge cha kanisani. Alikuwa amesimama wima akimshikia Mukendi mwavuli. Mkono ulikuwa umechoka, lakini hakuushusha.

"Yambo, mutoto yangu," alimwambia Arsène.

Arsène alikuja na matusi mdomoni. Akayaweka kando. Salamu ya mama mtu mzima hujibiwa, hata na jasusi.

"Yambo, mama."

"Minye ni Alphonsine. Hapa njo kwangu. Nilikuwa soko. Banakuya kuniambia mutoto yangu amefungwa sawa mbuzi ya fête, ya kuchinjwa." Alimtazama bila chuki, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unafanana bantu ya kwetu, ya kando ya mayi ya ziwa. Ulizaliwa wapi?"

"Mwadingusha, mama. Lakini niko na kazi..."

"Na mama yako njo nani?"

Si baba. Mjini kila mtu humuuliza mwenzake jina la baba, na Arsène mwenyewe asubuhi hakuuliza hata hilo, alilisikia tu na kuhukumu. Mama huyu aliuliza vile wanavyouliza kwao.

"Ni Viviane. Wa ukoo wa Mbuzi."

Alphonsine alifumba macho kidogo.

"Minye pia ni Mbuzi. Nilizaliwa kule, mbele ya kuolewa na muntu ya Kasaï, papa yake na huyu. Papa alimupa jina. Ukoo nilimupa minye." Aliuhamisha mwavuli mkono wa pili. "Huyu uliyefunga njo ndugu yako."

Arsène alisikia masikio yake yakiwaka moto. Majirani walikuwapo, walewale. Yule aliyecheka asubuhi hakuwa akicheka. Chini, udongo wa lile debe ulikuwa bado umemwagika, na viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimeukanyaga mmea.

Aliona haya. Si haya ya kukosea kazi, ambayo mtu huimeza na bia. Alitamani ardhi ya Panda ipasuke immeze, yeye na Ray-Ban yake.

Alipiga magoti kufungua pingu. Ufunguo ulimponyoka. Mukendi hakumsaidia, wala hakumtazama. Viganja vyake vilikuwa vimevimba.

Ufunguo.

"Mama," Arsène alisema polepole, bado amepiga magoti, "Gaston wa kilima. Unamujua?"

"Gaston mutoto ya Philippe? Sana. Mama yake njo Colette, tuliimba naye ndani ya korali."

"Yee ni Chui?"

"Philippe njo Chui. Ukoo haitoke kwa papa." Alionekana kushangaa kwamba mtoto wa Viviane anauliza swali la namna hiyo. "Colette ni Mbuzi, sawa minye na weye. Gaston ni Mbuzi."

Mbuzi hamtanii Mbuzi. Ndugu hamnyang'anyi ndugu vitu mfukoni akacheka. Gaston aliuazima ukoo wa baba yake apate ruhusa ya kuchukua ufunguo, na Arsène alimpa akicheka. Dakika chache za chai zilitosha kubadilisha majani. Kisha Gaston akamtuma Mukendi na sanduku, akaipigia Kiota, na akakaa kusubiri jasusi kutoka Lubumbashi asikie jina na kumaliza kazi iliyobaki.

Gaston alijua jina lile litatosha. Hilo ndilo lililomuuma Arsène kupita yote. Gaston alimsoma vizuri.

Motorola ikakoroma. "Nungu, hapa Kiota! Satellite inaonyesha moshi ku Kambishi. Strand ameanza kuchoma!"

Majani mapya yangeweza kuchumwa, mradi tu kilima kibaki na kitu.

Arsène alisimama. TVS haingeupanda mteremko ule wa mawe. Aliitazama Land Cruiser, kisha mtu aliyekuwa akijisugua viganja.

"Njia ya kilima, siijue," alisema. "Nakuomba."

Mukendi alitema mate yenye damu. Akamtazama mama yake. Akaingia garini, upande wa usukani.

"Si juu yako," alisema. "Juu ya docteure."

*

Walipanda kilima. Mukendi aliendesha kwa viganja vilivyovimba, akikwepa mashimo kwa ustadi, na kila gari liliporuka Arsène alimsikia akivuta pumzi kwa sababu ya mbavu.

Moshi ulikuwa upande wa mashariki. Matingatinga yalinguruma. Strand, kofia nyeupe na shati la kitani, alisimama kando ya Prado nyeusi, simu ya Thuraya sikioni. Gaston alikuwa mbele yake, bastola mkandani, akiwaelekeza watu wenye mienge.

Upande wa magharibi ulikuwa bado haujashika moto. Pale, kati ya mawe ya kijani, maua ya buluu yalitikisika kwa upepo wa moto.

"Bakia ndani," Arsène alisema.

Alishuka mikono mitupu. Akatembea kuelekea kwa Gaston akicheka.

"Eh, Chui! Unachoma nyasi juu ya nini? Unatafuta Mbuzi ya kukula?"

Gaston aligeuka. Uso ulimganda kidogo, kisha tabasamu likarudi. Strand alikuwa akitazama. Walinzi walikuwa wakitazama, wote watu wa pale, wote wanaoujua utani.

"Mbuzi! Unafanya nini huku?"

"Nimekuya kulipiza, mtani!"

Akamfikia, akampiga begani, akanyoosha mkono na kuichomoa bastola mkandani mwa Gaston huku akicheka kwa sauti kubwa. Walinzi wakacheka pia. Gaston alinyoosha mkono kuikamata, akausitisha. Mtani hakasiriki. Chui wa kweli angecheka.

Gaston akacheka.

"Mama yako njo Colette," Arsène alisema, na kicheko kikaisha. "Weye ni Mbuzi. Tangu lini Mbuzi inataniana na Mbuzi?"

Walinzi wakamgeukia Gaston. Mienge ikashuka, mmoja baada ya mwingine.

"Zimeni moto," Arsène aliwaambia. Nao, kwa matawi na mashati, wakaanza kuuzima.

Strand hakungoja. Prado iliruka kinyumenyume, ikageuka, ikashuka mbio kwenye njia nyembamba. Ilikuta Land Cruiser imekingamishwa katikati ya njia, mawe kushoto, korongo kulia, na Mukendi amekaa kwenye boneti, funguo za gari mfukoni.

Strand alishuka. Alitoa Kiingereza, akatoa Kifaransa, akatoa bahasha. Mukendi aliitazama bahasha kisha akatazama pembeni, mpaka Arsène alipofika na pingu.

Zilikuwa pingu zilezile. Arsène aliona damu iliyokauka kwenye chuma, akazifuta kwa shati lake kabla ya kumfunga mgeni. Hakuwa akimhurumia Strand. Hakutaka tu damu ile imguse.

"Kwani iko nini?" Gaston alikuwa akilalamika nyuma. "Alisema nitakuwa chef ya sécurité ya mine yote! Weye ni ndugu yangu, Arsène! Damu moja!"

"Najua," Arsène alisema. "Njo inanisumbua."

*

Kesho yake, baada ya Bénie kukesha akipima majani mapya, kamati iliuona mti wa nasaba ukutani. Bénie alionyesha tawi la ua la kawaida, huku. Kisha tawi la ua la Kambishi, kule mbali kabisa, peke yake. Ndugu yake wa karibu alikuwa mmea mrefu wa kando ya mto Lufira, wenye majani mapana na maua meupe.

"Hazifanane hata kidogo," mjumbe mmoja alisema.

"Hapana," Bénie alijibu. "Ni ndugu tu."

Kilima kilipona.

Arsène hakupiga makofi na wenzake. Alikuwa nyuma ya ukumbi, na alipoona Bénie anamtazama, alitoka.

Alikwenda Panda kwa miguu. Mkononi alishika jogoo mweupe, kama adabu inavyotaka, na debe jipya la udongo wa kilima. Mukendi alikuwa getini, mbavu zimefungwa bendeji, akijaribu kuunyoosha ule mmea uliokanyagwa. Alphonsine alimpokea jogoo, akasema, "Ingia ndani, mutoto yangu, jua iko kali."

Arsène hakuingia. Aliketi chini, penye nguzo, pale alipokuwa amemfunga mwenzake.

"Ndugu yangu," alisema, "pardon. Sikujua uko wa kwetu."

Mukendi aliendelea kukandamiza udongo kwa kidole.

"Na kama mama yangu pia alikuwa wa Kasaï?" aliuliza. "Ungekuya na jogoo?"

Jogoo akawika mikononi mwa Alphonsine. Majirani walikuwa wamesogea, mabeseni vichwani, na kila mmoja alingoja jibu. Arsène alilitafuta jibu la ndiyo. Alilitafuta kwa bidii. Kwa jana, lilikuwa uongo, na wote wawili walijua.

Alivua Ray-Ban. Akasimama, akawageukia watu.

"Jana nilisema maneno hapa," alisema kwa sauti ileile ya jana. "Huyu muntu hakuiba kintu. Alitunza boîte kuliko minye. Nilimufunga juu ya jina yake, basi. Aibu ni yangu, si yake."

Hakutaja Mbuzi. Hakutaja mama wala baba. Mzee wa baiskeli aliitikia kwa kichwa na kuendelea na safari yake.

"Mama alishakusamehe," Mukendi alisema nyuma yake. "Minye bado."

"Nimesikia."

Akaanza kuondoka, akilifuata lile lundo jeusi la kiwanda, mikono mfukoni. Kwa mbali ungedhani ni jasusi aliyemaliza kazi yake na hana wasiwasi. Motorola ikakoroma.

"Nungu, hapa Kiota. Félicitations! Naandika rapport. Kunabakia kintu kimoja tu: huyu shofere, Mukendi. Origine, kwao, niandike wapi?"

Arsène alisimama katikati ya barabara. Taxi-bus ikampigia honi, akasogea pembeni.

"Andika Panda."

"Panda? Panda tu?"

"Panda tu, mama. Terminé."

Akazima redio na kuendelea kutembea, jua likimpiga machoni.